Ufundi wa Kutaja Mpaka

Kabla ya hatimiliki kufika Mbeere, nchini Kenya, mpaka wa shamba ulikaa vichwani mwa watu. Kijito, mti mkubwa, jiwe, mahali palipokuwa na boma la fulani: hivyo ndivyo vilivyokuwa vigingi. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1968 ya kuamua nani ni mwenye ardhi ipi kwa mila, na upimaji ulipoanza huku katika miaka ya 1970, kila ukoo ukajikuta unamhitaji mtu wa kusimulia. Nani alitangulia kufika? Alilima hadi wapi? Yule jirani alikaribishwa na nani, na kwa masharti gani? Jack Glazier, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyefanya utafiti Mbeere wakati huo, alitoa kitabu mwaka 1985 kuhusu ardhi na matumizi ya mapokeo katika vuta nikuvute ya koo kugombea mipaka. Mimi nawasifu wasimulizi wenyewe, maana kazi yao ilikuwa ufundi kama uhunzi ulivyo ufundi.

Tazama majina. Huku kwetu kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Kwa hiyo ukoo ukifuatwa kwa vifungua mimba, husomeka hivi: Njeru wa Nthiga, wa Njeru, wa Nthiga. Jina huenda kisha hurudi, na kurudi kwake ni ukaguzi. Lisiporudi, ama msimulizi ameruka mtu, ama nasaba imepitia kwa mdogo mtu, na hapo jina la upande wa wakwe linachungulia. Mtoto wa darasa la nne anaweza kushika vizazi sita kwa njia hii bila kalamu.

Ila kamba hiyo hiyo humnasa mzembe. Njeru wawili wakigeuka mmoja, miongo mingi inamezwa kimya kimya, na wanahistoria wa masimulizi wanalijua sana tatizo hili. Dawa yake ni kumvika kila Njeru alama yake: rika alilotahiriwa nalo, mto aliovuka alipohama, njaa iliyomkuta. Njaa ni kalenda nzuri kwa kuwa haisahauliki. Ng'ambo ya Tana, Wakamba wanaikumbuka moja ya miaka ya 1980 kwa jina lenye maana ya “nakufa huku nimeshika pesa”. Ukilisikia mara moja, limekaa.

Na mahali husaidia kuliko vyote. Mzee anayesahau akiwa kitini hukumbuka akitembea, mlima Kiang'ombe ukiwa mbele yake na kila bonde likimdai habari zake. Ubongo wetu una sehemu inayoshughulikia njia na mahali pamoja na kumbukumbu za yaliyotupata, hivyo si ajabu mguu ukauchokoza ulimi.

Je, wazee hao walisema kweli tupu? La. Mwanasaikolojia Frederic Bartlett wa Cambridge alionyesha mwaka 1932 kwamba mtu anapokumbuka hujenga upya, na hujenga kwa kuegemea anachokitarajia. Ardhi ikiwa mezani, mjenzi ana sababu ya kusogeza ukuta. Nadhani kilichowazuia wengi kuusogeza mno ni kwamba waliwasimulia watu wenye hamu ya kuwapinga. Ukoo wa pili ulikuwa umeketi pale pale, nao una mzee wake na majina yake.

Kwa wazee hao, waliosimulia bila maandishi mbele ya wapinzani, mwanafunzi anayekesha akisoma daftari lile lile mara kumi angejifunza jambo. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walipolipima mwaka 2006, waliojaribu kutaja walichosoma bila kuangalia walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kusoma tu. Funga daftari, mweleze mtu mbishi, rudia kesho, kisha wiki ijayo. Na ulale, kwani usingizi nao hukaza yaliyoshikwa mchana.

Siku hizi Siakago kuna mahakama, na hatimiliki ina namba na ukubwa wa shamba. Haisemi kwa nini mpaka ulipinda pale kijitoni. Vijana wanaanza kuwarekodi babu zao kwa simu, na wanafanya vyema. Kasoro ninayoiona ni kwamba simu haimkatizi mzee. Anayetaka kurekodi amwite na jirani wa upande wa pili wa mpaka, awape wote chai, kisha asiwaharakishe.