Siku 180 za Jack Boyd: Tathmini ya Kitheolojia ya Mchezo wa Kompyuta Kuhusu Kazi ya Polisi

1. Utangulizi

Huenda wasomaji wetu watashangaa kuona mchezo wa kompyuta ukipewa nafasi katika kurasa ambazo kwa kawaida hutathmini vitabu vya ufafanuzi wa Maandiko na historia ya Kanisa. Sisi wenyewe hatukuutafuta. Tuliukuta bwenini, ambako wanafunzi kadhaa walikuwa wameizunguka kompyuta moja wakibishana kwa sauti kubwa. Tulidhani wanabishana juu ya mpira. Kumbe hoja yao ilikuwa hii: je, mkuu wa polisi anayo haki ya kumwachisha kazi askari asiye na kosa, ikiwa kwa kufanya hivyo atawanusuru wengine? Mwalimu wa maadili ya Kikristo hapati mara nyingi darasa lenye ari ya namna hiyo. Basi tuliomba tufundishwe kuucheza, na jioni nyingi za likizo tulizitumia katika kazi hiyo.

Iko sababu nyingine, nayo ni nzito zaidi. Katika usharika tuliouhudumia kabla ya kuja chuoni alikuwako askari polisi aliyehudhuria ibada kila alipopata nafasi, lakini hakuikaribia Meza ya Bwana. Tulipomwuliza, alijibu tu kwamba kazi yake ni ngumu kwa mtu anayetaka kushiriki. Sisi tulimjibu upesi kwa Rum. 13:1-7, kwamba mamlaka imewekwa na Mungu na kazi yake ni halali. Alishukuru, akaondoka, wala hakushiriki. Baadaye alihamishwa. Tulipokuwa tukiucheza mchezo huu tulitambua kwamba tulimjibu swali ambalo hakuuliza. Tathmini hii imeandikwa kwa ajili ya swali alilouliza.

2. Mchezo wenyewe

Mchezo unaitwa This Is the Police. Ulitengenezwa na kampuni ya Weappy ya Minsk, Belarus, ukatolewa mwaka 2016. Ingawa watengenezaji ni watu wa Ulaya ya Mashariki, hadithi yao wameiweka Marekani, katika mji wa kubuni uitwao Freeburg. Mhusika mkuu ni Jack Boyd, mkuu wa polisi mwenye umri wa miaka 60. Mkewe amemwacha. Meya amekwisha kuamua kumstaafisha, na zimebaki siku 180. Boyd anajiwekea lengo moja: katika siku hizo apate dola 500,000, kwa njia iwayo yote.

Mchezaji hushika nafasi ya Boyd. Kila asubuhi huingia ofisini, huchagua sahani ya santuri ya kusikiliza, kisha huitazama ramani ya mji. Taarifa za uhalifu huingia moja baada ya nyingine, naye huamua ni askari wangapi wa zamu watakaotumwa. Akituma wachache, mhalifu hutoroka, au raia huuawa, au askari hufa. Akituma wengi, huenda taarifa ikawa ya uongo, na ya pili ikaingia wakati hakuna aliyebaki kituoni. Askari huchoka, wengine hunywa pombe, wengine huja na visingizio ili wapewe siku ya mapumziko. Wapelelezi huleta picha za matukio, na mchezaji huzipanga mpaka zieleze jinsi kosa lilivyotendeka.

Juu ya kazi hiyo ya kila siku huja matakwa ya mabwana wawili. Wa kwanza ni ofisi ya meya, yenye uwezo wa kupunguza fedha na idadi ya askari isiporidhishwa. Wa pili ni makundi ya mafia yanayoshindania mji, yaani la Sand na la Varga, nayo hulipa vizuri kwa askari anayefumba macho.

3. Mambo yanayostahili sifa

Kwanza, mchezo unaielewa dhambi kuliko mahubiri yetu mengi. Boyd haanzi na tamaa. Anaanza na rafiki. Naibu wake ameingia matatani, uhai wake umo hatarini, na Boyd anapatana na mafia ili kumwokoa. Nani kati yetu angemlaumu? Lakini wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja. Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya upendo haukufungwa tena, na waliofuata kuingia hawakuja kwa ajili ya upendo. Sisi wahubiri huwaonyesha watu dhambi yenye pembe na mkia. Basi mtu akijiliwa na dhambi yenye sura ya wema haitambui.

Pili, mchezo unaonyesha wazi mipaka ya utii. Siku moja ofisi ya meya inamwagiza Boyd awaondoe kazini askari wote weusi, kwa hoja kwamba wako hatarini kwa sababu ya wabaguzi. Hoja imevikwa vazi la huruma: wafukuzwe ili wawe salama! Mchezaji akikataa hana budi kubeba hasira ya meya, na upungufu utakaofuata utawaumiza askari wote. Siku nyingine amri ni ya kuwatawanya waandamanaji kwa nguvu. Tukumbuke kwamba mambo haya yaliandikwa na watu wa Minsk. Baada ya uchaguzi wa Agosti 2020 mitaa ya mji huo ilijaa waandamanaji, na polisi waliwapiga na kuwakamata kwa maelfu. Waandishi wa mchezo hawakuwa manabii, lakini waliijua amri ya namna hiyo na jinsi inavyomfikia mtu aliye na mshahara na familia.

Hapa mapokeo yetu ya Kilutheri hayanyamazi. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 16, linakiri kwamba Mkristo aweza kushika madaraka ya kiserikali bila dhambi. Lakini halikomi hapo, bali linakumbusha Mdo. 5:29, kwamba utii una mwisho pale unapoamrishwa kutenda dhambi. Luther naye, alipowaandikia askari mwaka 1526, alitenganisha kazi na mtu: kazi yaweza kuwa njema na anayeifanya akawa mwovu. Tena aliwaambia kwamba anayejua kwa hakika kuwa bwana wake yumo katika uovu hana ruhusa ya kumfuata. Mwanafunzi anayesoma mafundisho haya darasani huyaona mepesi. Mwanafunzi aliyeketi mbele ya agizo la meya huku askari wake wakiwa wamechoka huona uzito wake.

4. Kasoro zake

Pamoja na sifa hizo, hatuwezi kuusifu mchezo huu bila kuupinga. Baadhi ya wanafunzi wetu walisema kosa lake ni kwamba hauna Injili. Hatukubaliani nao. Kioo hakilaumiwi kwa kutoosha uso, na hatuna haki ya kudai kwamba kila kazi ya sanaa ihubiri msamaha. Sheria nayo ina kazi yake, ambayo ni kutuonyesha tulivyo. Kama mchezo huu ungefanya kazi hiyo tu, tungeupokea kwa shukrani.

Kosa lake, kwa maoni yetu, liko katika sheria yenyewe. Mchezo unashtaki kwa mkono mmoja na kutoa udhuru kwa mkono mwingine. Kila uovu wa Boyd umezungukwa na ulazima: siku zinakwisha, fedha hazitoshi, askari ni wachache, mafia wanatishia. Hadithi humsukuma mchezaji achague upande kati ya makundi mawili ya wahalifu, na haimpi Boyd njia ya kusema hapana, akaweka beji mezani na kwenda zake. Mtu mwovu anaweza kuhuzunisha, lakini mtu asiyeweza kuwa mwema hahukumiki. Mtume anasema katika Rum. 2:15 juu ya mawazo yanayomshtaki mtu au kumtetea. Katika mchezo huu yanayotetea yamepewa nafasi kubwa kupita kiasi. Mithali isemayo mtumikie kafiri upate mradi wako imegeuzwa kuwa theolojia kamili.

Kasoro ya pili inahusu wanaoumizwa. Watu wa Freeburg wamechorwa bila macho wala midomo. Labda wachoraji walitaka kusema kwamba katika mji huo hakuna ajulikanaye kwa hakika, nasi twaona hekima katika hilo. Lakini aliyeuawa kwa sababu tulituma askari wachache huja kwetu kama sentensi moja, nayo hupita. Askari nao hujulikana kwa kiwango cha ustadi wao, ambacho ni tarakimu. Hata wale weusi waliotakiwa kufukuzwa hatuwasikii wakisema neno lolote la maana juu ya amri hiyo. Wamekuwa tatizo la Boyd kabla ya kuwa watu. Udhalimu unapotazamwa kutoka kiti cha bosi peke yake, jambo linalobaki kuonekana ni ugumu wa kazi ya bosi.

Hapana budi tuungame jambo. Baada ya majuma mawili ya kucheza tuliketi kupanga wanafunzi wa mafunzo ya vitendo katika sharika. Tulijikuta tukisema, "Huyu ni dhaifu, mpeleke kule mbali, yule ana nguvu, tumweke mjini." Tulipanga majina kumi hivi kabla hatujakumbuka kwamba mmoja wao alikuwa ameomba kuwa karibu na mama yake mgonjwa. Mchezo haukutufundisha tabia hiyo. Ulituonyesha kwamba tunayo.

5. Swali la askari wetu

Sasa turudi kwa yule mshiriki asiyeshiriki. Tulimpa utetezi wa ofisi yake. Yeye hakuwa na shaka juu ya ofisi. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 alikwisha kuifundishwa, pale ambapo Luther anahesabu serikali njema katika mkate wetu wa kila siku. Alijua kwamba bila polisi mwenye nguvu humla mnyonge. Shaka yake ilikuwa juu ya mambo aliyoyafanya ndani ya ofisi hiyo, na labda juu ya amri alizozitii. Tulipomwambia kwamba kazi yake ni halali, tulimfungia mlango wa kuungama, kwa maana nani ataungama jambo ambalo mchungaji wake amekwisha kulihalalisha?

Hilo ndilo kosa lile lile la mchezo. Mchezo unasema: haikuwezekana kufanya vingine. Mchungaji anasema: ni kazi yako tu. Maneno yote mawili yanamwacha mtu peke yake na dhambi yake, kwa sababu udhuru hausamehi. Aliyesamehewa ni yule aliyeitwa mkosaji kwanza. Yohana Mbatizaji, askari walipomwuliza wafanye nini (Lk. 3:14), hakuwaambia waache kazi, wala hakuwaambia kwamba kazi yao inatosha kuwasafisha. Aliwatajia makosa ya kazi yao kwa majina: kudhulumu, kushtaki kwa uongo, kutoridhika na mshahara. Ni kana kwamba alikuwa akimtazama Boyd. Waliosikia maneno hayo walikuwa wamekuja kubatizwa, na hapakuwa na sababu ya kuwarudisha.

6. Hitimisho

Je, wanafunzi wa theolojia waucheze mchezo huu? Hatuwashauri wote. Unachukua saa nyingi, lugha yake ni chafu mahali pengi, na ukatili wake haufai kwa vijana wa kipaimara. Lakini mwalimu wa maadili anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake siku mbili au tatu za Boyd, hasa siku ya agizo la meya, kisha akawauliza maswali mawili. La kwanza: ungefanya nini? La pili, ambalo mchezo hauliulizi: baada ya kulifanya, ungekwenda kwa nani?

Swali hilo la pili linatuelekea sisi wachungaji. Maungamo ya faragha yamo katika urithi wetu, na Luther aliyatengea mahali katika Katekisimo, lakini katika sharika nyingi yamesahauliwa mpaka mshiriki hajui kwamba anaweza kuyaomba. Tunawabariki askari siku za sherehe, tunawaomba walinde mikutano yetu, tunapokea sadaka zao. Ni mara chache tunaketi nao ofisini, mlango umefungwa, pasipo haraka ya kuwatetea. Katika mwendelezo wa hadithi uliotolewa mwaka 2018 Boyd anajificha katika mji mwingine kwa jina lisilo lake. Hilo halitushangazi. Mtu aliyepewa visingizio vingi bila kupewa ondoleo la dhambi hana mahali pa kwenda isipokuwa mafichoni.

Askari wetu hatujui alikohamishiwa. Iwapo mmoja wenu anaye usharikani mwake mtu wa namna hiyo, aketiye karibu na mlango na kutoka kabla ya Chakula cha Bwana, tunaomba asimjibu haraka kama tulivyofanya sisi. Amwulize kwanza, kisha amsikilize.