Ua, Konyo au Jani: Namna ya Kuyapima Mafuta ya Karafuu

Muuzaji anayetaka kuyasifu mafuta yake ya karafuu huanza na eujenoli, kemikali inayoyapa ukali na nguvu ya kuua vijidudu. Akitamka asilimia 92, mnunuzi mgeni huona amepata mali. Mjuzi huanza kuuliza maswali. Farmakopea ya Ulaya inataka mafuta yaliyokenekwa kutoka kwenye maua ya karafuu yawe na eujenoli kati ya asilimia 75 na 88. Yakivuka 90, yaelekea yametoka kwenye makonyo, au kuna mtu ameyaongezea eujenoli pembeni.

Makonyo ni vile vijiti vinavyoshika vichwa vya karafuu, vinavyobaki watu wakishamaliza kuchambua. Pemba hayatupwi. Yanapelekwa Wawi, Chake Chake, kwenye kiwanda cha makonyo, yakakenekwe kwa mvuke. Konyo hutoa mafuta yapatayo asilimia 5 hadi 7 ya uzito wake, na jani 2 au 3 tu. Karafuu kavu iliyotunzwa vizuri hutoa 15 hadi 20. Lakini karafuu ni ghali, konyo ni rahisi, na jani laokotwa chini ya mti; ndiyo maana mafuta ya jani, ambayo Madagaska huuza kwa wingi, hujikuta ndani ya chupa iliyoandikwa ua.

Anayeyatofautisha haangalii eujenoli. Anaangalia eujenili asetati. Kwenye mafuta ya ua hufika asilimia 4 hadi 15. Kwenye konyo ni kidogo, na kwenye jani karibu haipo. Hiyo ndiyo inayolainisha harufu na kuitia utamu unaokaribia wa tunda. Kariofileni, asilimia 5 hadi 14, huleta harufu ya mti mkavu na pilipili manga. Mafuta ya jani yanapiga pua kwa ukavu, kama yameungua kidogo, na utamu ule hauji hata ukiusubiri.

Ubora huanzia mtini. Karafuu huchumwa kichwa kikiwa kimejaa na kuanza kuwa chekundu, kabla ua halijafunguka, kwa sababu likishafunguka mafuta yake hupungua. Kisha jua. Karafuu iliyorundikwa mbichi au kunyeshewa kwenye jamvi huchacha ikawa mpeta: imesinyaa, imepauka, haina uzito. Aliye na punje mkononi aibane kwa ukucha chini ya kichwa; nzuri hutoa unyevu wa mafuta papo hapo. Aitie majini, iliyojaa mafuta huzama au husimama wima, na iliyokwisha kukamuliwa hulala ubavu juu ya maji.

Mafuta yenyewe nayo yana mtihani wa maji. Uzito wake kwa ujazo ni kama 1.04 hadi 1.06, kwa hiyo huzama, jambo ambalo mafuta mengi ya mimea hayawezi. Chukua glasi safi, weka maji, dondosha tone moja karibu kabisa na uso wa maji. Litatanda kwanza, liguse kwa kijiti, nalo litajikusanya na kushuka hadi chini likiwa duara. Likielea tu, lina mafuta ya kula, tapentaini au mafuta ya taa. Likizama bado halijashinda, kwani wajanja wanavijua vimiminika vizito vya kuchanganyia.

Tone jingine litiwe kwenye karatasi nyeupe, liachwe hadi siku ya pili. Mafuta safi hukauka polepole, na pengine huacha umanjano hafifu. Duara linalopitisha mwanga ni mafuta ya kupikia. Rangi pia husema. Mafuta mapya hayana rangi au ni ya manjano mepesi, nayo hukolea yakipigwa na hewa. Weusi wenye uzambarau ni alama ya chuma, kwa kuwa eujenoli hushikana nacho. Mafuta ya jani yanayopikwa kwenye mapipa ya chuma huwa hivyo mara nyingi.

Kwa habari ya vijidudu, hukumu inageuka. Eujenoli huingia kwenye utando wa seli ya bakteria, huulegeza, na potasiamu iliyomo ndani huvuja. Staphylococcus aureus, Escherichia coli na fangasi wa Candida hudhurika. Pseudomonas aeruginosa ni mgumu zaidi, kwa kuwa ana utando wa nje na njia za kuisukuma sumu itoke. Kwa kazi hii konyo halina haya mbele ya ua. Ila cheti cha maabara kisomwe kwa makini. Duara lisilo na bakteria kwenye sahani ya kuoteshea hupimwa kwa milimita, na mafuta yasiyochanganyika na maji husambaa vibaya humo, hivyo duara dogo si lazima liwe udhaifu. Kipimo cha kiasi kidogo kabisa kinachozuia bakteria kukua kina uzito zaidi, mradi cheti kiseme mafuta yaliyeyushwa kwa nini, na kwamba kiyeyusho hicho kilipimwa peke yake.

Nguvu hiyo ina hatari yake. Imeripotiwa katika maandiko ya kitabibu kwamba mtoto wa miaka 2 aliyekunywa mililita 5 hadi 10 alipata degedege na kupoteza fahamu, na ini likaharibika. Chupa ikae mbali na watoto, na mafuta yasiguse fizi kabla ya kuzimuliwa.

Anayenunua kwa ajili ya manukato au upishi atafute ua, adai cheti cha kromatografia ya gesi cha shehena ileile, na asome mstari wa eujenili asetati kwanza. Anayetengeneza sabuni au dawa ya kusafishia anunue mafuta ya makonyo bila wasiwasi, yakiwa yameandikwa makonyo na yanauzwa kwa bei ya makonyo. Mafuta ya aina zote mbili yawe kwenye chupa ya kioo cheusi, maana eujenoli hulainisha baadhi ya plastiki.