Mwethya wa Maneno: Maelewano ya Wanawake wa Rangi Mbili katika Masimulizi ya Berida Ndambuki wa Makueni

Utangulizi

Mwaka 2000 shirika la Indiana University Press lilichapisha kitabu kiitwacho We Only Come Here to Struggle: Stories from Berida's Life. Jalada lake lina majina mawili ya waandishi. La kwanza ni la Berida Ndambuki, mwanamke Mkamba aliyezaliwa mwaka 1936 huko Kathonzweni, Makueni, ambaye kwa miaka mingi alichuma riziki yake kwa kuuza maharagwe na nafaka katika soko la Gikomba, Nairobi. La pili ni la Claire C. Robertson, mwanahistoria Mmarekani mweupe ambaye alikuwa amekwisha kuandika juu ya wanawake wachuuzi wa Accra, na baadaye juu ya wale wa Nairobi na viunga vyake.

Wawili hawa walitenganishwa na rangi, lugha, kisomo na kipato. Hata hivyo, kitabu chao ni kimoja, na ndani yake nafsi inayosema "mimi" ni ya Berida. Makala haya yanachunguza jinsi nafsi hiyo ilivyopatikana. Dai letu ni kwamba maelewano tunayoyaona katika kitabu hiki yafaa kupimwa kwa kipimo cha Ukambani kwenyewe, yaani mwethya. Tukikipima hivyo, tutaona kazi iliyotendwa kwa haki kuliko nyingi za aina yake, lakini ambayo bado ina siku moja ya jembe haijalipwa.

Suala la Jina

Masimulizi ya maisha ya wanawake wa Kiafrika yaliyoandikwa kwa ushirikiano na wanawake wa Kizungu yana historia ndefu. Mwaka 1954 Mary Smith alitoa Baba of Karo, maisha ya mwanamke wa Kihausa wa Nigeria. Mwaka 1981 Marjorie Shostak alitoa Nisa, maisha ya mwanamke wa jamii ya !Kung wa Botswana. Katika vitabu vyote viwili msimulizi ni mada, na mwandishi ni yule mgeni. Zaidi ya hayo, Nisa si jina halisi la mwenye maisha hayo.

Mhakiki Mfaransa Philippe Lejeune alieleza mwaka 1975 kwamba tawasifu husimama juu ya mkataba: mwandishi, msimulizi na mhusika mkuu wawe mtu mmoja mwenye jina moja. Miaka mitano baadaye alilazimika kuuangalia upya mkataba huo alipofikia tawasifu za watu wasioandika, ambao maisha yao huwekwa kitabuni na mkono wa mwingine. Hapo ndipo swali la jina linapokuwa zito. Kumficha msimulizi kwa jina la kubuni humkinga na macho ya majirani, lakini humnyang'anya mali yake. Kumtaja humrudishia mali hiyo, lakini humwacha wazi.

Berida alitajwa, na jina lake likatangulia. Uamuzi huo una gharama. Mwanamke wa Makueni anayesimulia ndoa yake na uzazi wake kwa jina lake halisi hana pazia la kujificha nyuma yake arudipo nyumbani. Ndiyo maana hatuwezi kulichukulia jina lililo jaladani kuwa pambo. Ni dhamana aliyoiweka, na mwenzake wa Marekani hakuwa na ya kulingana nayo.

Mwethya na Kazi ya Amri

Kwa msomaji asiyeijua Ukambani, mwethya ni kikundi cha kazi. Katika Kitui na Makueni wanawake, na pia wanaume, huungana kulimia mmoja wao shamba, kumjengea nyumba au kumchimbia matuta ya "fanya juu" yanayozuia udongo usichukuliwe na mvua. Leo wapo kwangu, kesho tupo kwako. Anayeshiriki halazimiki kumpenda jirani yake wala kufanana naye. Analazimika kurudisha siku. Urafiki, kama utakuja, huja baada ya siku nyingi kurudishwa.

Lakini mwethya una kivuli chake. Utawala wa kikoloni nao ulitumia kazi ya vikundi katika kampeni za kuhifadhi udongo wilayani Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni ya leo, na mara nyingi kazi hiyo ilikuwa ya amri. Kwa mbali mtu asingeweza kutofautisha: watu walewale, majembe yaleyale, mlima uleule. Tofauti ilikuwa katika maswali mawili. Nani aliyeamua? Na nani atakayerudishiwa?

Maswali hayo ndiyo tunayopaswa kuyauliza juu ya uandishi wa pamoja wa wanawake wa rangi mbalimbali. Katika makala yake maarufu ya mwaka 1984, Chandra Talpade Mohanty aliwashutumu wasomi wa Magharibi kwa kumchora mwanamke wa Ulimwengu wa Tatu kana kwamba ni mmoja tu, mnyonge tu, kila mahali. Yeyote anayeusifu udugu wa wanawake bila kuuliza nani aliyeamua huenda akawa anausifu mwethya wa chifu.

Tukilijibu swali la kwanza, kitabu hiki kinasimama vizuri. Berida hakukutwa shambani akiwa kielelezo cha utafiti. Alikuwa mfanyabiashara, mtu aliyezoea kukadiria gunia, kupima kwa gorogoro na kujua ni lini ampe mteja nyongeza na ni lini amnyime. Msimulizi wa namna hiyo hutambua kwamba maneno yake nayo yana thamani. Jina la kitabu lenyewe, linalosema kwamba binadamu amekuja hapa kuhangaika tu, ni falsafa ya mtu anayeyahukumu maisha, si ombi la kuhurumiwa. Mnyonge yule aliyelalamikiwa na Mohanty haonekani hapa. Tunayemwona ni mama wa Kathonzweni mwenye soko lake, vikundi vyake vya wanawake, hoja zake na lawama zake.

Deni la Lugha

Swali la pili, la kurudishiwa, ndilo linalotukwaza. Kitabu kilitoka kwa Kiingereza. Msomaji wa Ohio alipewa ufunguo, lakini msomaji wa Kathonzweni asiyejua Kiingereza hakupewa.

Hasara si ya wasomaji peke yao. Ni ya matini pia. Tuchukue mfano mmoja. Katika Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa, na Kikamba nacho hutofautisha. Mwanamke anayejisimulia katika lugha hizi kila mara huchagua, au huchaguliwa na sarufi, awe mtenda au mtendwa katika ndoa yake. Kiingereza hakimdai uchaguzi huo, kwani kitenzi ni kilekile kwa wote wawili. Basi mhakiki anayetaka kujua jinsi Berida alivyojiweka katika ndoa yake, kama alitii sarufi au aliipinda, hana pa kushika. Isitoshe, kati ya msemaji wa Kikamba na mwandishi wa Kiingereza kwa kawaida husimama mkalimani, naye ni mshiriki wa tatu katika kazi hiyo. Sauti yake ndiyo inayosahaulika upesi zaidi katika mijadala ya rangi mbili.

Haikulazimu iwe hivyo. Mwaka 1989 Sarah Mirza na Margaret Strobel walitoa Three Swahili Women, maisha ya Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy wa Mombasa. Mwaka 1991 masimulizi hayo yalitoka kwa Kiswahili kwa jina la Wanawake Watatu wa Kiswahili. Ndugu na wajukuu wa Mombasa waliweza kuyasoma na, likiwapo kosa, kulisahihisha. Hiyo ndiyo siku ya jembe iliyorudishwa.

Wala haiwezi kusemwa kwamba Kikamba hakina mapokeo ya kuandikwa. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alichapisha Mutunga na Ngewa Yake mwaka 1954, miaka mingi kabla hajajulikana duniani kwa vitabu vyake vya dini na falsafa. Ngewa ni masimulizi na mazungumzo kwa pamoja, na hakuna neno linaloieleza kazi ya Berida vizuri zaidi ya hilo.

Yamkini atatokea wa kupinga kwamba bila Kiingereza na bila Robertson maneno haya yangepotelea Gikomba. Ni kweli, nasi hatuna budi kushukuru. Lakini katika mwethya shukrani haifuti zamu.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba maelewano ya wanawake wa rangi mbalimbali katika uandishi wa maisha hayathibitishwi na ukunjufu wa dibaji. Huthibitishwa na mambo yanayoonekana: jina liko wapi, nani aliyeamua, na maneno yamerudi kwa nani. Kwa mawili ya kwanza kitabu cha Ndambuki na Robertson ni mfano wa kuigwa. La tatu linatuhusu sisi pia tunaofundisha fasihi katika lugha za nchi hii. Wako wanafunzi kutoka Kitui na Makueni wanaoweza kuitafsiri kazi hii kwa Kikamba na Kiswahili, pengine kuwa tasnifu yao, na kuyauliza maneno yake maswali ambayo Kiingereza kimeyanyamazisha. Jembe lipo, na zamu sasa ni yetu.