Ufundi wa Kunakili

H. E. Lambert, mkuu wa wilaya huko Embu na Meru katika miaka ya 1930, alipenda ya kale katika lugha na katika utawala. Kwenye lugha, mapenzi hayo yalizaa ufundi unaostahili sifa. Kiunguja kilikwisha kuteuliwa msingi wa Kiswahili sanifu, lakini yeye aliwaendea wasemaji wa Kivumba na Kijomvu katika pwani ya Kenya, akatoa vitabu juu ya lahaja zao mwaka 1957 na 1958. Mnakili stadi hamsahihishi msemaji. Tamko lisilomo vitabuni huliandika vivyo hivyo. Kazi hiyo yataka sikio, subira, na imani kwamba mvuvi wa Vanga, msemaji wa Kivumba, ni mwalimu wa lugha yake.

Sikio hilohilo alilitega kwenye Mlima Kenya, alikotawala. Kitabu chake cha 1956 kinaeleza marika na mabaraza ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kama sheria yenye mantiki, si ushirikina. Atakayesema kwamba alikuwa mtumishi wa ukoloni aliyetafuta njia nafuu ya kutawala kupitia mabaraza hayo, hakukosea. Hapo ndipo ladha moja ilipozaa matunda mawili. Lahaja haiharibiki kwa kuandikwa, lakini baraza likishikwa mkono na serikali hupoteza kauli yake. Mwaka 1956, Lambert akiwa hayupo tena madarakani, wazee wa Njuri Ncheke, baraza kuu la Wameru, walipiga marufuku ukeketaji kwa msukumo wa serikali. Lengo lilikuwa jema; hata hivyo wasichana wengi walikaidi, wakakeketana wenyewe, na zaidi ya watu 2,000 wakashtakiwa. Amri ya wazee ilisikika kama amri ya bwana mkubwa.

Wapo watakaodai kwamba kunakili nako ni upendeleo, kwa kuwa anayesikilizwa ni mzee mwanamume. Ni kweli, ila dawa yake ni kunakili zaidi. H. S. K. Mwaniki alionyesha njia alipochapisha masimulizi ya wazee wa Embu mwaka 1974, akiwa mwana wa kwao, bila cheo cha kulinda. Leo Embu ina chuo kikuu, na cha Meru kiko Nchiru, kwenye makao ya Njuri Ncheke. Walimu wawatume wanafunzi wakanakili, na waanze na nyanya zao.