Sauti Kubwa na Sauti Safi

Sherehe ya gusaba, familia mbili zinapokutana kuombana mchumba, ni sherehe ya maneno. Umukwe mukuru husema kwa niaba ya upande wa bwana harusi, umusangwa mukuru hujibu kwa niaba ya wenyeji, na wazee hao hurushiana mafumbo na matani mpaka ombi likubaliwe. Neno moja likimezwa na mvumo wa spika, utamu wa jibu umepotea, na mgeni wa hema la nyuma anacheka kwa sababu tu wenzake wanacheka. Kwa hiyo hapa Gisenyi, kwenye bustani za kando ya Ziwa Kivu, baada ya wazee wenyewe namsifu fundi wa sauti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye kazi yake kubwa huifanya akiwa ameinama kwenye nyasi, juu ya waya.

Kuna jambo linalowashangaza vijana wanaoanza kazi hii. Wameunganisha miksa na spika zenye amplifaya ndani kwa waya wa jeki wa kawaida, wenye njia mbili. Wanaubadilisha, wanaweka waya wa balansi wenye njia tatu na ncha ya pini tatu, ile ambayo mafundi waliojifunza kwa Kifaransa huiita Cannon. Sauti inapanda papo hapo, na hakuna aliyegusa kitufe. Wanaamini waya mpya umeongeza nguvu. Waya hauongezi nguvu hata chembe.

Miksa nyingi hutoa sauti ileile mara mbili: pini ya 2 huibeba kama ilivyo, pini ya 3 huibeba ikiwa imegeuzwa, chanya ikawa hasi. Pini ya 1 ni ya ngao, ule waya unaozizingira njia hizo mbili. Spika hupokea tofauti kati ya pini hizo mbili, na tofauti hiyo ni maradufu ya kila moja. Volti zikiwa maradufu, hizo ni desibeli 6. Ukichomeka jeki ya kawaida, pini ya 3 inaishia kwenye ngao na desibeli 6 zinaondoka. Vifaa vya nyumbani vyenye matundu ya RCA viko chini zaidi: kiwango chake ni kama volti 0.32, ilhali vya kazi ni volti 1.23, pengo la karibu desibeli 12. Lakini zipo miksa ambazo pini yake ya 3 haibebi sauti kabisa. Ina ukinzani tu, sawa na wa pini ya 2. Ukibadili waya kwenye miksa kama hiyo, sauti haipandi wala haishuki, na bado kelele inafukuzwa vilevile.

Ukweli huo wa mwisho ndio unaonifanya niipende kazi hii. Kumbe thamani ya balansi haimo katika ukubwa wa sauti. Imo katika usawa wa njia mbili. Umeme wetu hugeuka mara 50 kwa sekunde, na waya wa mita 30 uliolala kando ya waya wa jenereta hunasa mvumo wake. Mvumo huo huingia kwenye njia zote mbili kwa kiasi kimoja. Weka jiwe lenye uzito uleule kwenye kila sahani ya mizani, mshale hausogei. Ndivyo spika, kwa kupokea tofauti tu, inavyouacha mvumo nje. Waya wa kawaida hauna kinga hiyo, kwa sababu ngao yake ndiyo pia njia ya kurudia ya sauti. Maarifa haya ni ya zamani: mwaka 1881 Alexander Graham Bell alipata hataza ya nyaya mbili za simu zilizosokotwa pamoja, ili zisinase kelele za nyaya jirani.

Anayetaka ushahidi achomeke simu yake, kwa jeki ya stereo, kwenye tundu la balansi. Mwimbaji anatoweka, na vinabaki vinanda vilivyo pembeni. Sauti ya mwimbaji ilikuwa sawa kushoto na kulia, basi mashine imeitoa kama inavyotoa kelele.

Fundi anayejua haya hajaribu nyaya mbili kwa haraka. Kwanza anasawazisha ukubwa wa sauti, kwa sababu sikio la binadamu huipenda sauti kubwa na kuidhania safi. Ndipo anapozima muziki, anaacha maiki wazi na kusikiliza kinachobaki. Pini iliyolegea anaifungua, anaukwangua uzi hadi ung'ae, anauchomelea risasi upya na kupima kwa mita: 1 kwa 1, 2 kwa 2, 3 kwa 3. Hakuna mgeni atakayemshangilia kwa hilo.

Sisi tunaoandaa sherehe tumezoea kuuliza spika ni ngapi na zina wati ngapi. Tuulize pia fundi atafika saa ngapi, kisha tumfungulie lango asubuhi na mapema, tumlipe saa hizo za kuinama, na asitokee wa kumhimiza aongeze sauti kabla hajamaliza kuisafisha. Wazee wetu wametumia miaka kuyachonga maneno yao. Yanastahili kufika hema la nyuma yakiwa mazima.