Nyuzi Saba, Mikono Miwili: Litungu Linavyopigwa

Wengi wakiliona litungu kwa mara ya kwanza huliita gitaa la kienyeji. Jina hilo huwapotosha hasa vijana wanaolijia baada ya kujifunza gitaa. Mpiga gitaa hubana uzi mmoja mahali mbalimbali, akapata sauti nyingi. Litungu halina shingo wala pa kubania. Nyuzi zake hupita hewani, kutoka kwenye bakuli la mti lililowambwa ngozi hadi kwenye mti wa juu uliokingamishwa kati ya mihimili miwili. Kila uzi una sauti yake moja. Litungu la Wabukusu wa magharibi mwa Kenya kwa kawaida lina nyuzi saba, na utamu wote hutoka humo.

Unatokaje? Kazi hugawanywa. Mkono mmoja hurudia kipande kifupi kile kile bila kuchoka, na mwingine huingia katika nafasi zilizoachwa. Ukisikiliza mkono mmoja peke yake, utapata vipande vilivyokatika, si wimbo. Wimbo huzaliwa pale mikono inapopishana. Tena hakuna uzi unaonyamaza papo hapo. Wa kwanza bado unalia wakati wa pili unaguswa, sauti zinapandana, na aliye nje ya boma anaweza kuapa kwamba wapigaji ni wawili.

Juu ya hayo mpigaji anaimba. Anaweza kuingia katikati ya mzunguko, akawataja wenye sherehe, akasimulia kisa, kisha akanyamaza ili nyuzi zijibu. Wenzake wanagonga ubao kwa vijiti na kutikisa njuga, na wachezaji wanatingisha mabega katika ngoma ya kamabeka. Mabega hayo yanategemea kile kipande kifupi. Kikiyumba, uwanja mzima unayumba.

Kuhusu asili, tazama ramani. Waluo wana nyatiti yenye nyuzi nane, Wakisii wana obokano, Wakipsigis wana chepkong, ambayo mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliirekodi mwaka 1950. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, kuna endongo ya Buganda. Kaskazini zaidi kuna krar na begena za Ethiopia, na kissar ya Wanubi. Zote zina umbo lile lile: mihimili miwili, mti wa juu, nyuzi zisizobanwa. Kora ya Afrika Magharibi ina nyuzi nyingi pia, lakini imejengwa kwa namna nyingine kabisa. Basi litungu ni mwanaukoo wa ukanda wa Mto Nili na Ziwa Viktoria.

Masimulizi ya Wabukusu yanawatoa Misri, na wapo wanaolishika litungu kama ushahidi. Naiheshimu simulizi hiyo, ila ala pekee haitoshi kuthibitisha safari ya watu. Ala husafiri pia kwa ndoa, kwa soko na kwa ujirani, na kandokando ya Mlima Elgon Wabukusu na Wasabaot wameishi pamoja vizazi vingi.

Mabadiliko makubwa zaidi ya litungu yamo kwenye nyuzi. Zamani zilikuwa kano za ng'ombe. Leo ni nailoni, ile ya kuvulia samaki. Kano hunyonya unyevu na kulegea. Nailoni hushika sauti muda mrefu na hulia kwa ukali zaidi, jambo linalofaa palipo na vipaza sauti. Ngozi, hata hivyo, haijapata mbadala. Ikilegea, huoteshwa jua au moto kwanza, ndipo nyuzi zikazwe kulingana na koo la mwimbaji siku hiyo.

Walimu wa muziki wa Bungoma na Trans Nzoia, msianze na wimbo mnapowafundisha watoto litungu kwa ajili ya mashindano. Mpeni mtoto kile kipande kifupi cha mkono mmoja, akirudie mpaka aweze kuzungumza na mtu bila kukipoteza. Mkono wa pili utafuata, na kuimba kuje mwisho.