Lango Lisilo na Ukuta

Lango lisilo na ukuta halimzuii mtu, wala halimwingizi mtu popote. Ndivyo lilivyo lile la mji wa Melaka, nchini Malaysia, ambalo Wareno waliliita Porta de Santiago. Mgeni aweza kulipita katikati, au akalizunguka kwa hatua chache na kufika kulekule. Hata hivyo watu hupita katikati. Nami, nilipouzuru mji huo baada ya kustaafu, nilipita katikati.

Kwa miaka mingi katika chuo cha ualimu niliwahimiza walimu wanafunzi waulize kila maandishi maswali matatu: nani anasema, anamwambia nani, na nani hakupewa nafasi ya kusema? Nionavyo mimi, jengo nalo ni maandishi, na hapana budi tulihakiki vivyo hivyo.

Lango hili lina waandishi watatu. Wa kwanza ni Wareno. Afonso de Albuquerque aliuteka mji mwaka 1511, akajenga ngome iliyoitwa A Famosa, yaani Mashuhuri. Sehemu ya mawe yake yalitolewa misikitini na katika makaburi ya masultani. Wa pili ni Waholanzi. Waliitwaa ngome mwaka 1641, na baadaye wakachonga juu ya tao nembo ya kampuni yao ya biashara pamoja na maneno ANNO 1670. Basi mgeni aambiwaye kwamba anatazama kazi ya Wareno, uso anaouona ni wa Waholanzi. Wa tatu ni Waingereza, ambao mwaka 1807 waliibomoa ngome kwa baruti, wasije wengine wakaitumia dhidi yao. Kazi yao inasomeka katika kile kisichokuwapo. Lango hili ndilo lililosalimika, na sifa ya kusalimika kwake hupewa Stamford Raffles.

Hapo ndipo ninapoona kasoro, si ya lango bali ya jinsi linavyosimuliwa. Kijana aliyetutembeza alizungumza kwa ufasaha kuhusu Raffles, lakini kuhusu makaburi alisema sentensi moja tu. Simulizi ya namna hiyo ina upungufu wa haki. Raffles alikuwa mtumishi wa dola ileile iliyotia baruti. Ikiwa tunamshukuru kwa kipande kilichobaki, basi tuitaje pia dola yake kwa ngome nzima iliyotoweka. Na kabla ya hayo yote, tuwataje wale ambao mawe ya makaburi yao yaligeuzwa kuwa ukuta wa kuwazuia wajukuu wao. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

Wako watakaosema, kama hivyo ndivyo, lango la mtekaji na libomolewe. La hasha! Lango hili ni shahidi wa ngome ile. Mkoloni alipobomoa alifuta maandishi. Tukibomoa sisi, tutakuwa tumemalizia kazi yake. Tena watu wa Melaka wenyewe walionyesha njia iliyo bora. Tarehe 20 Februari 1956, katika uwanja ulio karibu na lango hilo, Tunku Abdul Rahman aliutangazia umati tarehe ambayo nchi yao ingekuwa huru, nayo ikawa huru mwaka 1957. Haikulazimu jiwe hata moja liondolewe ili neno hilo litamkwe.

Msomaji wa pwani yetu asidhani kwamba habari hii ni ya mbali. Wareno haohao, wakiongozwa na Francisco de Almeida, waliuteka mji wa Kilwa mwaka 1505, miaka sita kabla ya Melaka, na huko nako wakajenga ngome. Alama zao zimo vinywani mwetu. Sisi twasema meza, Wamalay husema meja. Bendera ni bendera kwetu na kwao. Lakini neno linalonifikirisha zaidi ni igreja, ambalo kwa Kireno maana yake ni kanisa. Kwa Kimalay limekuwa gereja, na maana yake ingali kanisa. Kwetu limekuwa gereza, nasi twajua maana yake. Hata ngome ya Kilwa Kisiwani yaitwa Gereza hadi leo. Mgeni alileta neno moja, na kila pwani ikalihifadhi kwa kadiri ya yale iliyoyaona. Lugha, nathubutu kusema, imetunza kumbukumbu kwa uaminifu kuliko masimulizi ya watembeza wageni.

Kwa hiyo, kwa Melaka na kwa Kilwa vilevile, nashauri tuyahifadhi majengo haya lakini tubadili mpangilio wa habari zake. Majina ya magavana yaweza kungoja. Ningepewa kutunga swali la mtihani juu ya lango hili, nisingeuliza ni nani aliyelijenga wala ni nani aliyeliokoa. Ningeuliza: mawe ya ngome yake yalitoka wapi?